SOMA TANGAZO LA ARDHI, USINGOJE KUSIMULIWA



Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wazee wetu walisema hivyo kwa sababu zamani habari zilipita kwa baragumu na ngoma. Ukisikia, unaacha jembe na unakwenda kusikiliza.

Siku hizi mbiu hailii kila mara. Mara nyingi jambo hubandikwa tu. Karatasi moja yenye muhuri huwekwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kijiji. Watu wanapita na ndoo zao, wanapita na majembe yao. Mmoja anasema, "Ah, hayo ni mambo ya ofisi." Mwingine anasema, "Nitamwuliza mtu." Siku zinapita. Mvua inailowesha karatasi na maandishi yanafutika.

Halafu siku moja watu wanakuja na kamba ndefu na vigingi. Wanapima katikati ya shamba lako. Unauliza, "Jamani, kuna nini hapa?" Unajibiwa, "Mzee, mbona tangazo lilikuwepo?"

Leo tutazungumza juu ya karatasi hiyo. Tutaona ardhi ya kijiji ni ya nani, na nani ana kauli inapotaka kubadilishwa matumizi. Tutaona pia wewe uliyejifunza kusoma unaweza kufanya nini kabla vigingi havijapigwa.

TANGAZO LENYEWE

Tuchukue mfano. Tuseme umefika ofisi ya kijiji na umekuta maneno haya ubaoni:

TANGAZO. WANANCHI WOTE WA KIJIJI, WENYE UMRI WA MIAKA 18 NA ZAIDI, MNATANGAZIWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI, JUMAMOSI SAA 4 ASUBUHI, UWANJA WA SHULE. AGENDA: (1) KUFUNGUA MKUTANO. (2) KUPOKEA RASIMU YA MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI YA KIJIJI. (3) MAOMBI YA ARDHI HEKTA 180 KWA MWEKEZAJI WA SHAMBA LA MIWA. (4) MENGINEYO. MTENDAJI WA KIJIJI.

Tangazo ni fupi, lakini limebeba mambo mazito. Hebu tulichambue.

Agenda ni orodha ya mambo yatakayozungumzwa. Usiiruke. Ndiyo inayokuambia kama mkutano ni wa kawaida au unagusa shamba lako.

Rasimu ni maandishi ambayo hayajapitishwa. Bado yanaweza kusahihishwa. Ukisikia neno "rasimu", jua kwamba mlango uko wazi bado.

Mpango wa matumizi ya ardhi ni makubaliano ya kijiji kwamba sehemu hii itakuwa ya nyumba, ile ya mashamba, ile ya malisho, ile ya msitu. Mpango ukipitishwa, si rahisi mtu mmoja kuubadilisha.

Hekta ni kipimo cha eneo. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Basi hekta 180 ni kama ekari 445. Watu wengi wanaona namba 180 wanadhani ni ekari 180. Hapo wameshapunjwa kwa hesabu kabla mkutano haujaanza. Kwa hiyo kila ukiona neno "hekta", shika kalamu. Zidisha kwa mbili na nusu.

ARDHI YA KIJIJI NI YA NANI?

Hapa Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanywa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya vijiji. Vijiji vyetu ni zaidi ya 12,000. Ardhi yao inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Sheria hiyo haikushuka kama mvua. Wazee wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watu wengi walihamishwa kutoka mahame yao na kupelekwa vijijini. Wengi hawakuulizwa. Mtu aliacha miembe ya babu yake akaenda kulima ardhi iliyokuwa ya mwenzake. Baadaye ugomvi ulizuka: huyu anadai shamba la zamani, yule anadai alipewa na kijiji. Mwaka 1991 Rais aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchini na kusikiliza malalamiko ya wananchi. Mwaka 1995 ikatoka Sera ya Taifa ya Ardhi, na mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili za ardhi. Moja ndiyo hii ya vijiji.

Sasa, sheria inasema nini? Inasema Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Lakini inaisimamia kama mdhamini. Mdhamini ni mtu gani? Fikiria jirani amesafiri, amekuachia mbuzi wake uwachunge. Unaweza kuwapeleka malishoni. Unaweza kuwatibu wakiugua. Je, unaweza kuwauza? Hapana. Mbuzi si wako. Basi na Halmashauri ya Kijiji ni hivyo hivyo. Mwenyekiti akisema "nimeshampa mtu ekari 50, yamekwisha", mwulize kwa adabu, "Mwenyekiti, Mkutano Mkuu ulikubali lini?"

NANI MWENYE KAULI?

Kuna vyombo viwili. Tusivichanganye.

Cha kwanza ni Halmashauri ya Kijiji. Hiki kina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Wanawake wasipungue robo ya wajumbe. Halmashauri inapokea maombi, inayajadili, na inatoa mapendekezo.

Cha pili ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huu ni wetu sote: kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume kwa mwanamke, mwenye mali na asiye na mali. Sheria inasema Halmashauri isigawe ardhi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Tena kila mkutano wa kawaida, Halmashauri inatakiwa itoe taarifa ya jinsi inavyosimamia ardhi.

Kwa hiyo Halmashauri inapendekeza, na Mkutano Mkuu unakubali au unakataa. Asiyekwenda mkutanoni ameacha kauli yake nyumbani.

Na akina mama je? Bado wapo wanaosema, "Mambo ya ardhi ni ya wanaume." Hayo si maneno ya sheria. Sheria ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Inasema pia kwamba mila yoyote inayomnyima haki hiyo mwanamke, mtoto au mlemavu, mila hiyo ni batili. Batili maana yake haina nguvu. Basi mama akisimama mkutanoni asiambiwe "kaa chini".

MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI UNAKUJAJE?

Kupanga si jambo baya. Kijiji kisicho na mpango ni kama nyumba isiyo na vyumba: mbuzi analala jikoni na watoto wanalala ghalani. Ng'ombe wanaingia kwenye mahindi, mkulima anashika panga, mfugaji anashika fimbo. Watu wameumizana na hata kuuana kwa sababu ya mipaka isiyojulikana.

Kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo Halmashauri ya Kijiji ni mamlaka ya kupanga ardhi ya kijiji chake. Wataalamu wa wilaya wanakuja kusaidia. Ipo pia Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi.

Kazi yenyewe huenda hivi:

Kwanza, wataalamu wanafika na kueleza shabaha ya kazi. Mkutano unachagua kamati ya kijiji ya kusimamia matumizi ya ardhi. Humo wawemo wakulima, wafugaji, wanawake na vijana.

Pili, kamati na wataalamu wanazunguka kijiji. Wanatazama visima, mito, misitu, mapito ya mifugo, makaburi, mashamba na makazi. Hapa ndipo mwenye shamba atokee. Usiseme "watanikuta". Simama kwenye mpaka wako na majirani zako wawepo.

Tatu, inachorwa ramani ya hali ilivyo sasa. Wengi huanza kuichora chini mchangani kwa vijiti na majivu, halafu inahamishiwa kwenye karatasi.

Nne, unapendekezwa mgawanyo mpya: makazi, kilimo, malisho, msitu, vyanzo vya maji, huduma kama shule na zahanati, na akiba kwa ajili ya watoto wetu. Hii ndiyo rasimu.

Tano, rasimu inaletwa kwenye Mkutano Mkuu. Mnaikubali, mnaikataa, au mnataka isahihishwe. Ikipita inapelekwa wilayani. Zinatungwa pia sheria ndogo za kijiji ili mpango uheshimiwe.

Mara nyingi mpango huandikwa kwa muda wa miaka 10. Miaka 10 si mchezo. Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa anachunga mbuzi wakati mpango huo unafika mwisho.

Wapo wenzetu waliofanya vizuri. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa waliona kwamba ng'ombe hawajui mpaka wa kijiji. Malisho yako huku, maji yako kule. Basi wakakaa pamoja na kupanga eneo la malisho la vijiji vyote vitatu. Wakachukua herufi za majina ya vijiji vyao na kuliita eneo hilo OLENGAPA. Kila kijiji kilibaki na ardhi yake, lakini malisho wakayalinda kwa makubaliano yaliyoandikwa.

MFANO WA BIBI NA SHAMBA LA BONDENI

Turudi kwenye tangazo letu. Tuseme yupo bibi mmoja, mjane, analima mpunga bondeni karibu na mto. Shamba hilo ndilo linalomlisha yeye na wajukuu wanne. Mjukuu wake amesoma tangazo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona mbio?"

"Bibi, kuna mkutano Jumamosi. Wataonyesha ramani mpya ya kijiji."

"Ramani mimi ya nini? Shamba langu lipo tu. Kila mtu analijua."

"Sasa bibi, kama kila mtu analijua, twende tukaone kama na ramani inalijua."

Wanakwenda. Ramani imetundikwa ukutani shuleni. Kando ya mto kumepakwa rangi ya kijani. Mjukuu anasoma maelezo pembeni: kijani ni hifadhi ya chanzo cha maji. Shamba la bibi limo ndani ya kijani.

Je, ramani imekosea? Si lazima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, kama zinaweza kuharibu mazingira yake. Mto ukikauka, bibi hatavuna mpunga, na kijiji kizima kitakosa maji. Kwa hiyo kijani kina sababu yake.

Lakini bibi anayo maswali ya haki. Je, shamba lake lote limo ndani ya mita 60, au ni kipande tu? Je, rangi imepakwa kwa kupima au kwa kukadiria? Na kipande kitakachochukuliwa, atapewa wapi pengine pa kulima? Bibi akinyosha mkono akauliza, mtaalamu atalazimika kutoa kamba na kupima. Huenda ikaonekana rangi imekwenda mita 150, kumbe sheria inataka 60. Hapo rasimu itasahihishwa, na sehemu kubwa ya shamba itabaki.

Na kama bibi hakwenda? Muhtasari utaandikwa: "Wananchi wamekubali." Yeye ni mwananchi, basi na yeye amekubali, ingawa alikuwa nyumbani anapepeta mchele. Baada ya hapo kubadilisha ni safari ndefu, na nauli ni yake.

ARDHI IKITAKIWA KUTOKA KIJIJINI

Sasa tuangalie agenda ya tatu, ile ya mwekezaji.

Kupanga matumizi ndani ya kijiji ni jambo moja. Kuitoa ardhi kijijini ni jambo lingine, zito zaidi. Kwa kawaida mwekezaji mgeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ardhi inahamishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, haiko tena mikononi mwa kijiji. Hata mwekezaji akishindwa kazi na kuondoka, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Shamba linaweza kuota majani na kijiji kisiwe na ruhusa ya kulilima. Tulielewe hilo kabla ya kupiga makofi.

Sheria imeweka ngazi za kupanda. Hizi hapa:

(a) Linatolewa tangazo katika Gazeti la Serikali, na nakala inapelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji. Tangazo litaje ardhi iko wapi, mipaka yake, na sababu ya kuihamisha.

(b) Uhamisho usifanyike kabla ya siku 90 kupita tangu tangazo lilipotolewa. Siku 90 ni miezi mitatu. Muda huo umewekwa ili wananchi wafikiri na kusema.

(c) Halmashauri ya Kijiji iwaarifu watu wote wanaotumia ardhi hiyo. Na kila anayeguswa anaweza kutoa maoni au pingamizi lake kwa Kamishna wa Ardhi.

(d) Kama ardhi ni chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kama ni zaidi ya hekta 250, Mkutano unatoa mapendekezo, na Waziri ndiye anayeamua baada ya kuyafikiria.

(e) Ardhi isihamishwe mpaka yamekuwepo makubaliano juu ya fidia: ni ya aina gani, ni kiasi gani, italipwa vipi na lini.

Angalia tena tangazo letu. Hekta 180 ni chini ya 250. Basi uamuzi ni wenu nyinyi mliokaa chini ya mwembe. Mtu asije akawaambia, "Jambo hili limeshapitishwa juu, nyinyi mnaarifiwa tu." Mnaweza kutaka ofisa wa ardhi aje aeleze. Mnaweza kutaka na mwekezaji mwenyewe, au mtu wake, aje ajibu maswali mbele ya mkutano. Maneno ya kuletewa na mtu wa tatu hayatoshi.

Lipo jambo jingine. Miradi mikubwa inatakiwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Anayesimamia kazi hiyo ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi wanalijua kwa jina la NEMC. Katika tathmini hiyo wananchi wanaoishi karibu lazima wasikilizwe. Mkiona watu wanapita na daftari wakiuliza habari za maji, vumbi na mifugo, waambieni ukweli wote. Wanachoandika ndicho kitakachosomwa.

BARABARA, BWAWA, NYAYA ZA UMEME

Mara nyingine ardhi inatakiwa na Serikali kwa faida ya umma: barabara, bwawa, shule, njia ya umeme. Hapo hutumika Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Maendeleo tunayataka. Lakini sheria za ardhi zinasema anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati.

Fidia ina nini ndani yake? Wengi wanadhani ni bei ya nyumba peke yake. Sivyo. Hesabu kamili ina:

(a) Thamani ya ardhi, nyumba na mazao ya kudumu, kwa bei ya soko.

(b) Posho ya usumbufu.

(c) Posho ya usafiri, inayokadiriwa kwa mzigo wa tani 12.

(d) Posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya miezi 36.

(e) Kama ulikuwa na biashara hapo, hasara ya faida ya miezi 36.

Shamba ambalo hakuna mtu anayeishi wala kufanya biashara halipati posho ya usafiri, ya makazi, wala ya faida iliyopotea. Lakini thamani ya ardhi na mimea inalipwa.

Fidia ikicheleweshwa kupita miezi sita, inatakiwa iongezwe riba. Kwa hiyo andika tarehe ya uthamini. Mthamini akija, uwepo. Hesabu naye minazi, mikorosho, migomba, mmoja mmoja. Soma fomu kabla ya kutia sahihi. Omba nakala, uiweke mahali ambapo panya na mvua havifiki.

MASWALI YA KUULIZA MKUTANONI

Kuuliza si ujinga. Chukua maswali haya, yanakili kwenye daftari, nenda nayo:

1. Eneo linaanzia wapi na kuishia wapi? Tutajieni mito, njia na miti ya mpaka.

2. Ni hekta ngapi, na ni sawa na ekari ngapi?

3. Ni watu wangapi wanalima, wanachunga au wanaishi humo sasa? Wamearifiwa mmoja mmoja?

4. Njia za mifugo, visima, makaburi na sehemu za kuni zitakuwaje?

5. Ahadi za kazi, zahanati au barabara zimeandikwa wapi? Nani atashtakiwa zisipotimizwa?

6. Kijiji kitabaki na akiba kiasi gani kwa ajili ya vijana wetu?

7. Je, tunaweza kupewa siku za kufikiri kabla ya kupiga kura?

Swali la tano lina uzito. Ahadi ya mdomo ni kama moshi: unauona, lakini huwezi kuufunga kwenye gunia. Mwekezaji akiahidi zahanati, iandikwe katika makubaliano pamoja na mwaka wa kuimaliza.

Na jambo hili tulizingatie sana: karatasi ya mahudhurio. Kabla hujaandika jina lako na kutia sahihi, soma kichwa cha karatasi. Kama kimeandikwa "Mahudhurio", sawa. Kama kimeandikwa "Waliokubali kutoa ardhi", hilo ni jambo lingine kabisa. Na kama karatasi haina kichwa chochote, usiisaini. Kichwa kinaweza kuandikwa baadaye.

Mwisho wa mkutano, omba muhtasari usomwe kwa sauti. Kama wananchi 60 walikubali na 85 walikataa, namba hizo ziandikwe. Lisiandikwe neno "wananchi" tu.

TUSIPOKUBALIANA JE?

Kwanza tuongee. Kama ni ugomvi wa mpaka au wa shamba kati ya wananchi, nendeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao, au zaidi, ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, lipo Baraza la Kata, ambalo nalo husuluhisha. Likishindwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ili liamuliwe.

Kama lalamiko ni juu ya viongozi wa kijiji wenyewe, andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, na nakala kwa Ofisa Ardhi na kwa Mkuu wa Wilaya. Barua iwe na tarehe na majina. Mwombeni anayeipokea agonge muhuri kwenye nakala yenu.

Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanamsaidia bure mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili. Ulizeni wilayani mnaweza kuwapata wapi.

Lakini tusichome ofisi, tusipige watu, tusing'oe vigingi usiku. Mwenye haki akivunja sheria, kesi inageuka: aliyekuwa mdai anakuwa mshtakiwa.

KAZI YETU TULIOJIFUNZA KUSOMA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kusema hivyo tukizungumza juu ya duka la ushirika. Lakini na ardhi ni mali, tena mali kubwa kuliko zote tulizo nazo. Wangapi kati yetu wana daftari la shamba? Andika shamba lako liko wapi, majirani ni nani kila upande, ulilipata mwaka gani na kwa nani, na nani walishuhudia. Kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango uliopitishwa, ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili.

Na tufanye hivi. Kila mwenye kujua kusoma apite ofisi ya kijiji mara moja kwa wiki. Kama kuna tangazo, anakili tarehe na agenda. Jioni alisome kwa sauti kwa majirani zake: pale kisimani, pale kilabuni, pale msikitini na kanisani watu wanapotoka. Asiyeona vizuri asomewe. Anayeishi kitongoji cha mbali apelekewe habari. Kazi hiyo haina mshahara, lakini inaweza kuokoa shamba la mtu.

Bibi wa mfano wetu hakujua kusoma. Mjukuu alijua, na alikimbia kumwambia. Katika kitongoji chako, nani atakimbia?

MANENO NA MAANA YAKE

Agenda – orodha ya mambo ya kuzungumzwa mkutanoni.
Batili – kisicho na nguvu ya sheria.
Fidia – malipo kwa ajili ya mali iliyochukuliwa au kuharibiwa.
Hekta – kipimo cha eneo, karibu ekari mbili na nusu.
Mdhamini – aliyekabidhiwa mali aitunze kwa faida ya wengine.
Muhtasari – maandishi ya yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Pingamizi – maneno ya kukataa yanayotolewa kwa utaratibu.
Rasimu – maandishi ambayo bado hayajapitishwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Ulipitishwa mwaka gani? Nakala iko wapi?

2. Mwekezaji anaomba hekta 300. Nani mwenye uamuzi wa mwisho? Na akiomba hekta 200?

3. Hekta 40 ni sawa na ekari ngapi?

4. Mara ya mwisho Halmashauri yetu ilitoa lini taarifa ya ardhi kwenye Mkutano Mkuu?

5. Kesho nendeni mkaangalie ubao wa matangazo. Kuna nini?